Cass, mji wa mbao na reli: majibu kwa barua zenu

Katika toleo lililopita tulichapa picha ya kichwa cha treni cha mvuke kikisukuma mabehewa kupanda mlima wenye miti, na chini yake maneno machache tu: Cass, West Virginia, Marekani, reli inayopanda asilimia 11. Barua zilizofuata zimetoka huku kwetu Katanga, Kongo: Lubumbashi, Likasi na Kipushi. Wengi wenu mmeuliza mambo yanayokaribiana, kwa hiyo tumechagua barua tano.

Mimi ni mzaliwa wa Kamalondo. Babu alifanya kazi kwenye reli, baba alikuwa Union Minière, kampuni ya shaba. Nikiangalia nyumba za kwenye picha ile, zote sura moja, naona kama kambi zetu. Nani aliujenga mji huo, na wa nini?

Macho yako hayakukudanganya, ndugu. Cass ni mji wa kampuni tangu msumari wa kwanza. Reli ya Chesapeake and Ohio ilifika pale kando ya mto Greenbrier mwishoni mwa mwaka 1900. Mwaka uliofuata kampuni ya karatasi ya West Virginia Pulp and Paper ikaanza kujenga mji na kuanza kupandisha reli yake yenyewe mlimani. Mwaka 1902 kiwanda cha mbao kikaanza kupasua. Jina la mji ni la Joseph K. Cass, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo.

Kilichowapeleka kule juu ni sprusi nyekundu, mti wa jamaa ya msonobari unaopenda baridi. Nyuzi za mti huo ni ndefu, na karatasi yenye nyuzi ndefu haichaniki ovyo. Magogo madogo yalipelekwa kwa treni hadi kiwanda cha karatasi cha Covington, katika jimbo la jirani la Virginia. Manene yalibaki Cass kupasuliwa mbao.

Kampuni ndiyo iliyokuwa na nyumba, duka, kiwanda na reli. Duka liliitwa Pocahontas Supply Company, na jengo lake lipo hadi leo. Nyumba za mbao zilipakwa rangi nyeupe na kuzungushiwa ua wa vijiti vyeupe, zikapangishwa kwa wafanyakazi. Katika miji ya namna hii, aliyepoteza kazi alipoteza na paa. Ng'ambo ya mto, mahali ambapo ardhi haikuwa ya kampuni, ndipo palipokuwa na vilabu vya pombe. Msomaji yeyote aliyekulia kambini Katanga anaielewa ramani hiyo bila kuchorewa.

Tarehe pia zinakaribiana. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ilifika Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanza. Lakini tusiichukue mifano hii kama mapacha. Shaba iko chini ya ardhi na imechimbwa kwa zaidi ya miaka mia. Mti uko juu ya ardhi, unaonekana, unahesabika, na msumeno wenye haraka unaumaliza ndani ya maisha ya mtu mmoja. Kampuni ya mbao inajua tangu mwanzo kwamba siku moja itaondoka. Ndiyo maana swali kubwa katika mji kama Cass ni nani anabaki na nyumba na reli siku hiyo ikifika. Tutalirudia katika barua ya mwisho.

Nilikuwa dereva wa treni, sasa nimestaafu, naishi Likasi. Mmeandika kwamba reli ya Cass inapanda asilimia 11. Hiyo ni 110 kwa elfu! Kwetu 25 kwa elfu tayari ni kazi. Je, mmekosea kuandika, au kuna reli ya meno katikati?

Hatukukosea, baba, na reli ya meno haipo. Ni reli mbili za kawaida, zenye upana wa milimita 1,435, wakati yetu ni 1,067. Sehemu kali kabisa inafika karibu asilimia 11. Kutoka mjini hadi kilele cha Bald Knob ni kilomita karibu 18, na treni inapanda mita karibu 700, kwa hiyo wastani ni kama asilimia 4. Wewe peke yako unajua maana ya wastani huo kwa mtu anayeshika mkono wa breki.

Siri iko kwenye kichwa cha treni kinachoitwa Shay. Kilibuniwa na Ephraim Shay, mpasua mbao wa Michigan, aliyepata hati ya ubunifu wake mwaka 1881. Kiwanda cha Lima, Ohio, kilijenga zaidi ya 2,700 kabla ya kuacha mwaka 1945.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme chuma juu ya chuma, reli kavu, tunapata mshiko wa robo ya uzito uliokalia magurudumu yanayosukuma. Tuseme pia kwamba kwenye asilimia 11 kila tani ya treni inadai kilo 110 za nguvu kwa ajili ya mlima na kilo 10 hivi kwa ajili ya msuguano, jumla kilo 120. Chukua kichwa cha kawaida cha tani 80 chenye behewa lake la maji na makaa ya mawe la tani 50, na tani 50 tu ndizo zinazokalia magurudumu ya kusukuma. Mshiko wake ni tani 12 na nusu. Gawanya kwa 0.12: kinaweza kupandisha tani 104. Chenyewe na maji yake ni tani 130. Maana yake hakiwezi kupanda hata kikiwa mtupu!

Sasa chukua Shay ya tani 80. Hapo kila gurudumu linasukuma, hata yale yaliyo chini ya tangi la maji. Tani zote 80 zinashika, mshiko ni tani 20, na treni nzima inaweza kuwa tani 166. Ukitoa kichwa chenyewe, unabaki na tani 86 za mabehewa. Si nyingi, lakini ni magogo yanayofika.

Inafanyaje? Silinda, mara nyingi tatu, zimesimama wima upande wa kulia, kama injini ya lori iliyobandikwa ubavuni. Zinazungusha shafti ndefu inayolala sambamba na reli, nje ya magurudumu. Shafti hiyo imekatwa vipande na kuunganishwa kwa kardani, sawa na ile inayopeleka nguvu nyuma ya lori, ikiwa na sehemu inayorefuka na kufupika. Kwenye kila ekseli kuna giya ndogo ya meno ya mshazari inayouma giya kubwa iliyofungwa kwenye gurudumu. Kwa kuwa bogi zote, yaani fremu ndogo zinazobeba magurudumu, zinageuka peke yake, mashine inakata kona kali na kuvumilia reli mbovu ambayo kichwa cha kawaida kingeanguka. Kwa kuwa silinda zimekaa kulia, boila limesogezwa kushoto ili uzito ulingane. Ukisimama mbele yake unaiona imekaa kombo, na si kwamba imeharibika.

Kuna faida ya nne ambayo dereva ataipenda. Silinda tatu zikigawana mzunguko, nguvu inatoka laini, bila kile kishindo cha mara nne kwa mzunguko kinachofanya magurudumu yateleze wakati wa kuondoka. Gharama yake ni mwendo. Shay inatembea kilomita 8 hadi 20 kwa saa, na kelele yake inamdanganya mgeni kudhani inakimbia.

Hatari iko kwenye maji ya boila, na hapa tunaomba vijana wasome polepole. Njia ya Cass ina zigizaga mbili. Treni inapanda hadi kwenye kipande cha reli kisichokwenda popote, inasimama, ulimi wa reli unageuzwa, kisha inapanda sehemu ya pili kinyumenyume. Kichwa huwekwa upande wa chini na kusukuma, ili kiungo kikikatika mabehewa yasirudi mjini peke yake. Lakini baada ya zigizaga ya kwanza kichwa kinajikuta juu, kikivuta, na boila limeinamia upande mwingine. Katika sehemu ya kwanza bomba la moshi lilikuwa juu na maji yalikusanyika nyuma, juu ya paa la tanuru. Katika sehemu ya pili bomba liko chini, maji yanakimbilia mbele, na paa la tanuru linaweza kubaki wazi. Kwa tanuru la mita 2, mteremko wa asilimia 11 unabadilisha kimo cha maji kwa sentimita 22 kati ya mwanzo na mwisho wake. Bati lililo wazi juu ya moto linalainika kwa dakika chache, na likishindwa, boila lote linalipuka. Kizibo cha madini ya risasi kwenye paa hilo huyeyuka kwanza na kumwaga mvuke motoni kama onyo, lakini mkoka moto mzuri hasubiri onyo. Anaongeza maji kabla ya kufika kwenye zigizaga, maana kioo cha kupimia kinamwonyesha ukweli wa mteremko aliopo, wala hakimwonyeshi wa ule unaokuja.

Kushuka, kama ujuavyo, ni kugumu kuliko kupanda. Breki za hewa, breki za mkono kwenye mabehewa, mchanga mkavu kwenye reli. Gurudumu likifungwa kabisa linateleza, linasagika upande mmoja na kuwa bapa, na mshiko unapungua badala ya kuongezeka. Majani mabichi yaliyosagwa juu ya reli ni mabaya kama mafuta.

Niko na karakana ya useremala mtaa wa Kenya, Lubumbashi. Kiwanda cha Cass kilipasua mbao kiasi gani kwa siku? Na walizikaushaje katika nchi ya baridi? Hapa nanunua mulombwa unaoitwa mkavu, nikitengeneza kabati, baada ya miezi mitatu mlango unapinda.

Fundi, kwanza vipimo. Wamarekani wanahesabu mbao kwa futi ya bao: kipande cha futi moja kwa futi moja chenye unene wa inchi moja. Mita moja ya ujazo ni karibu futi za bao 424. Bao lako la mita 4, upana sentimita 20, unene sentimita 5, ni mita za ujazo 0.04, yaani futi za bao 17.

Katika siku zake kubwa Cass ilipasua futi za bao 125,000 kwa zamu moja ya saa 11, zamu mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Hiyo ni karibu mita za ujazo 295 kila zamu. Matanuru ya kukaushia yalikuwa na mabomba ya mvuke ya urefu wa maili 11, karibu sawa na urefu wa reli hadi Bald Knob, na yalikausha futi za bao 360,000 kwa mkupuo mmoja, yaani kama mita za ujazo 850.

Gogo halikwenda moja kwa moja kwenye msumeno. Lilitupwa bwawani kwanza. Maji yanaosha mchanga na vijiwe vilivyoshikwa na maganda, maana jiwe moja dogo linavunja meno ya msumeno wa mkanda na kusimamisha zamu nzima. Wakati wa theluji maji ya uvuguvugu yanayeyusha barafu ndani ya gogo. Kutoka bwawani mnyororo ulilivuta juu, likapasuliwa, kingo zikanyooshwa, ncha zikakatwa, mbao zikapangwa kwa ubora, ndipo tanuru.

Sasa mulombwa wako. Kabati la ndani linataka mbao yenye unyevu wa karibu asilimia 10 hadi 12. Mbao "kavu" ya sokoni mara nyingi imekauka ngozi tu. Pima hivi: kata kipande cha sentimita 3 kutoka katikati ya bao, si kwenye ncha, kipime kwa mizani ya gramu, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito uache kushuka. Kama kilikuwa gramu 120 na kimebaki gramu 100, bao lako lina unyevu wa asilimia 20. Mlango wake lazima upinde.

Tanuru la mvuke halianzi na joto kavu, na wengi wanaojenga vyumba vya kukaushia hapa kwetu wanakosea hapo. Mwanzoni chumba huwekwa joto pamoja na unyevu mwingi, ili katikati ya bao pasiachwe nyuma na ngozi ya nje. Unyevu unapunguzwa hatua kwa hatua. Ukikimbiza, ngozi inakauka na kukaza wakati ndani bado mbichi. Baadaye ndani inanywea, na bao linapasuka tumboni mahali ambapo huoni mpaka umelipiga randa. Sprusi ni laini, inakauka kwa siku chache. Mulombwa ni mzito zaidi na unadai subira zaidi.

Bila tanuru, tumia kiangazi chetu cha Mei hadi Septemba, ambacho ni zawadi. Inua rundo sentimita 40 kutoka ardhini. Weka vijiti vya sentimita 2 na nusu kati ya kila tabaka, kila sentimita 50, na kijiti kikae juu ya kijiti mpaka chini, kwa mstari mmoja. Vijiti vikikosana, uzito wa rundo wenyewe unakukunjia mbao. Paka ncha rangi nzito au nta, kwa sababu maji hutoka kwa haraka zaidi kwenye ncha na hapo ndipo nyufa huanza. Funika juu, acha pande wazi. Kwa bao la inchi 2 kiangazi kimoja hakitoshi. La inchi 1, likipata upepo, linaweza kukaribia. Kisha liingize ndani ya karakana wiki kadhaa kabla ya kulikata.

Nauza makala (mkaa) Kipushi. Watu wanatulaumu kwamba tunamaliza msitu. Hao Wamarekani waliokata mlima mzima, miti yao ilirudi?

Ilirudi kwa shida, mama, na sehemu nyingine bado. Baada ya kukata, matawi yaliachwa chini yakakauka, na cheche za vichwa vya treni zikayawasha. Chini ya sprusi udongo wenyewe ni majani yaliyooza kwa karne nyingi. Ulishika moto, ukaungua hadi mwamba. Tena sprusi haichipui kutoka kwenye kisiki. Inategemea mbegu na kivuli, na moto ule uliondoa vyote viwili. Serikali ya Marekani ilianzisha msitu wa taifa wa Monongahela mwaka 1920 kwenye milima hiyo, na leo wanapanda sprusi upya kwa mikono.

Miombo yetu ina nguvu ambayo sprusi haina: kisiki kinachipua. Lakini kinachipua kikiachwa na uhai. Mkataji akate chini kwa mkato safi, asing'oe mizizi, na tanuri la makala lisijengwe juu ya visiki, maana joto lake linaua udongo wa pale. Adui mkubwa ni moto wa Septemba na Oktoba, wakati nyasi zimekauka kabisa. Moto huo ukirudi kila mwaka, machipukizi hayavuki urefu wa nyasi. Lawama kwa anayekata inastahili pale msitu unapogeuzwa shamba au kuchomwa kila mwaka. Msitu uliokatwa na kuachwa upumzike unaweza kurudi.

Nasoma historia hapa Lubumbashi. Kiwanda kilifungwa lini, na kwa nini mji haukufa? Je, kichwa cha zamani cha mvuke kilichoachwa kwenye nyasi kinaweza kuokolewa?

Kampuni ya karatasi iliuza kila kitu kwa kampuni ya mbao ya Mower mwaka 1942, na kiwanda kilifungwa tarehe 1 Julai 1960. Miti mikubwa ilikuwa imekwisha, na malori yalikuwa yanashusha magogo kwa gharama ndogo kuliko reli. Mnunuzi wa vyuma chakavu alianza kung'oa njia. Ndipo mpenzi mmoja wa reli kutoka Pennsylvania, Russel Baum, akawaendea wabunge wa West Virginia na kuwashawishi kwamba reli ile ina thamani zaidi ikiwa nzima. Jimbo likanunua njia pamoja na vichwa vya Shay, na mwaka 1963 treni ya kwanza ya watalii ikapanda. Nyumba za mji zilinunuliwa na jimbo baadaye, mwaka 1977, na sasa wageni wanalala ndani yake. Kiwanda chenyewe kimeungua, yamebaki magofu.

Linganisha na Spruce, mji wa pili wa kampuni ile ile, uliokuwa juu mlimani kwenye mita karibu 1,174. Ulikuwa na kiwanda cha kumenya maganda ya magogo, nyumba, duka, hata shule, lakini barabara haikuwepo. Mtu aliingia na kutoka kwa treni tu. Kazi ilipokwisha, hakuna aliyekuwa na sababu wala njia ya kubaki. Leo ni nyasi. Cass iliokolewa kwa sababu ununuzi ulifanyika kabla reli haijauzwa kwa kilo. Ingechelewa mwaka mmoja au miwili, pesa yoyote isingeirudisha.

Shay namba 5, iliyojengwa mwaka 1905, bado iko Cass. Namba 6, ya mwaka 1945, ndiyo ya mwisho kujengwa, uzito wake karibu tani 147. Sheria ya Marekani inadai boila lifunguliwe lote na unene wa mabati upimwe kila siku 1,472 za kazi au kila miaka 15, kipi kitangulie. Kukiwasha tena kichwa kilichokaa nje miaka 40 ni kazi ya pesa nyingi. Kukizuia kisife zaidi ni kazi ya wiki moja kwa watu wachache, nayo inaanza na maji. Fungua vizibo vyote vya chini vya boila na vya silinda, maji yaliyobaki yatoke. Toa majivu na masizi yote, maana yakinyonya unyevu yanakuwa asidi inayokula bati. Usiguse kitambaa cheupe kilichozunguka boila kabla ya mtaalamu kukikagua: huenda ni asbesto, na vumbi lake linaua mapafu. Ziba bomba la moshi kwa bati, acha vizibo vya chini wazi ili hewa ipite. Paka grisi nzito kwenye fimbo za pistoni na kila sehemu iliyong'aa. Tafuta michoro na sahani yenye namba ya kiwanda, iandikwe na kupigwa picha kabla haijang'olewa na kuuzwa kama shaba. Haya yote yamalizike kabla ya mvua za Oktoba.